Kupita malishoni salama: ng'ombe, mbwa, nyuki na nyoka njiani

Watu wengi wakitembea mashambani humwogopa nyoka, lakini ng'ombe hawamwogopi hata kidogo. Jani likitikisika wanaruka, ila wakikuta kundi la ng'ombe limekaa njiani wanajipenyeza katikati, tena wengine wanasimama kupiga picha na ndama. Ng'ombe tumemzoea mno. Tunamwona mpole kwa sababu aghalabu tunamwona akiwa na mchungaji wake, mtu ambaye ng'ombe huyo anaijua sauti yake na harufu yake. Wewe mpita njia hakujui. Hata ng'ombe wa aina ndogo ana uzito mara tatu au nne ya wako, wa aina kubwa hufika kilo 700, na fahali aliyekomaa huweza kuvuka tani moja. Mzigo huo ukija kwa mbio hauhitaji hata pembe ili ukuumize.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mara nyingi ng'ombe hutoa onyo kabla hajashambulia, na onyo hilo linasomeka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya kumsoma mnyama ukiwa bado mbali. Mbinu za kujiokoa zipo, nitazieleza, lakini ukifika hapo umeshachelewa.

Kabla ya kutoka

Vaa viatu vinavyofunika kifundo cha mguu na suruali ndefu. Chukua fimbo ya urefu wa kiuno au zaidi. Fimbo hiyo si ya kumchapa mnyama; kazi yake ni kuurefusha mkono wako ili uonekane mkubwa, na kupekua majani marefu mbele yako. Simu iwe na chaji, na pawe na mtu anayejua umepita njia ipi na unatarajiwa kurudi saa ngapi.

Halafu uliza. Mtu anayeishi kando ya njia atakuambia mambo ambayo ramani haina: fahali mkali yuko upande gani, ng'ombe wanazaa msimu huu au la, mizinga ya nyuki imetundikwa wapi, mbwa wa nyumba fulani hufunguliwa saa ngapi. Ukimkuta mchungaji, msalimu na umwombe akuonyeshe pa kupitia.

Langoni, simama kwanza

Ukifika penye malisho usiingie moja kwa moja. Simama utazame uwanja mzima, ukitafuta majibu ya maswali matatu.

La kwanza: kuna ndama? Swali hili nalitanguliza hata mbele ya fahali. Fahali kila mtu anamwogopa na kumkwepa. Ng'ombe jike mwenye ndama mchanga watu wanamfuata wenyewe. Tena ndama wa siku chache mara nyingi hata humwoni. Mama yake humwacha amelala kwenye majani, naye hujikunja, shingo chini, masikio yamelala, asitikisike hata ukipita hatua mbili kutoka alipo. Mama anachunga mbali kidogo, lakini jicho liko pale. Kwa hiyo ukiona ng'ombe jike amejitenga na kundi, kiwele kimejaa, anakula akiinua kichwa kila mara kutazama sehemu ileile, jua kuna kitu amekificha hapo. Zunguka mbali. Na ukimkuta ndama peke yake usidhani ametupwa, wala usimguse.

La pili: kuna fahali? Mtambue kwa shingo nene, nundu au misuli iliyopanda juu ya mabega, na korodani. Akiwa katikati ya majike kwa kawaida akili yake iko kwao. Fahali aliye peke yake ndiye wa kukaa naye chonjo zaidi, na fahali wa jamii za maziwa wana sifa mbaya kuliko wa nyama. Uingereza imeliweka hilo katika sheria ya mwaka 1981: fahali wa jamii za maziwa aliyezidi miezi 10, kwa mfano Jersey au Friesian, haruhusiwi kuachwa katika uwanja unaokatizwa na njia ya umma, wa jamii nyingine anaruhusiwa iwapo yuko pamoja na majike.

La tatu: nitatokea wapi? Kabla hujaingia, chagua pa kukimbilia: lango la pili, uzio unaoweza kupitia chini yake, mti, jabali, mtaro mpana. Ukiwa katikati ya uwanja badilisha chaguo lako kadiri unavyosogea. Uwanja ambao huoni pa kutokea hata pamoja, uzungukie nje, hata kama njia itaongezeka nusu saa.

Kulipita kundi

Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa sehemu iliyo nyuma yake kabisa na sehemu ndogo mbele ya pua. Kumtokea ghafla kwa nyuma ni kumtisha, na ng'ombe aliyetishwa hupiga teke au hugeuka kwa vishindo. Basi mtokee kwa ubavu, kutoka mbali, na uongee. Huna haja ya kupaza sauti. Ongea tu na mwenzako au imba kwa sauti ya kawaida, ili kundi likutambue mapema.

Kila ng'ombe ana mduara wake. Ukiwa nje yake anakutazama tu; ukiuingia anaondoka au anakukabili. Upana wa mduara huo hutegemea alivyozoea watu, na utaujua kwa kichwa: anaacha kula, anainua kichwa, masikio yote mawili yanakuelekea. Hapo umefika mpakani. Rudi hatua kadhaa, ngoja arudie kula, kisha pita kwa upinde. Wafugaji hutumia mduara huo huo kuwaswaga: ukisimama nyuma ya bega lake anaelekea mbele, ukisimama mbele ya bega anarudi nyuma. Kwa mpita njia maana yake ni kwamba ng'ombe aliyeziba njia unaweza kumwondoa kwa kusogea taratibu upande wa nyuma ya bega, bila kumgusa wala kumkaribia mno.

Usipite kati ya mama na ndama. Usipite kati ya kundi na maji au lango wanalolielekea. Usiligawe kundi mafungu mawili kwa kukata katikati. Kama njia inapita katikati yao na hawataki kuondoka, iache njia.

Mitamba, yaani majike ambao hawajazaa, na madume wadogo wana tabia yao, na huwatisha watu bure. Ni wadadisi. Wanakuja mbio kundi zima, wanasimama karibu, wanakunusa kwa mbali, ukiondoka wanakufuata. Ukikimbia wanakimbia nao, na hapo ndipo mtu hukanyagwa na wanyama ambao hawakuwa na nia mbaya. Geuka uwakabili, panua mikono, piga hatua moja kuwaendea. Watarudi nyuma. Tembea, geuka tena, fanya vilevile mpaka ufike langoni. Hawa ndio wanyama pekee katika mwongozo huu ambao nashauri kuwaendea.

Dalili za hasira

Fahali anayetaka ugomvi kwanza hukupa ubavu. Anasimama mshazari, mgongo umejikunja juu, shingo imekazwa, ili uone ukubwa wake. Baadaye anakukabili uso kwa uso, anashusha kichwa, macho yanatoka, anakoroma au kunguruma kwa sauti nzito ya kifuani, anaparura ardhi kwa kwato za mbele na kurusha vumbi mgongoni. Wengine husugua shingo na pembe kwenye udongo. Ukiona hata moja kati ya hayo, ondoka wakati huo huo, usingoje la pili.

Ng'ombe jike haonyeshi mengi hivyo, na hilo ndilo linalomfanya awe hatari. Anainua kichwa, anakukazia macho, anatikisa kichwa mara moja, pengine anatoa mlio wa kumwita ndama, kisha anakuja.

Rangi ya nguo yako haina neno. Ng'ombe haoni wekundu kama tuonavyo sisi. Kinachomchokoza fahali ni mwendo wa kitu, kiwe chekundu au kijani. Usipunge leso, usipepee kofia, usirushe mikono hovyo.

Ukiwa na mbwa wako

Kama unajua utapita penye ndama, mwache mbwa nyumbani. Kwa ng'ombe, mbwa ni ndugu wa fisi na mbwa mwitu: ni mnyama anayekula ndama. Mbwa akibweka kundi humfuata, naye akiogopa hukimbilia kwa bwana wake, akiwaleta nyuma yake.

Mwezi Juni 2009 mwanasiasa wa Uingereza David Blunkett, ambaye haoni, alishambuliwa na ng'ombe akiwa anatembea na mbwa wake wa kumwongoza, akavunjika ubavu. Huko Austria mwaka 2014, katika bonde la Pinnistal mkoani Tyrol, mtalii kutoka Ujerumani aliuawa na ng'ombe wenye ndama. Alikuwa na mbwa, na kamba ya mbwa ilikuwa imefungwa kiunoni mwake. Kesi ilifika hadi mahakama ya juu, na mwaka 2020 ikathibitishwa kwamba mwenye ng'ombe na mtembezi wanagawana lawama nusu kwa nusu.

Kamba basi ishike mkononi. Usiizungushe kiganjani wala kuifunga kiunoni. Iwe fupi, mbwa awe upande wako ulio mbali na ng'ombe. Wakija kwa kasi, iachie. Watu hung'ang'ania kwa mapenzi, na mapenzi hayo huwagharimu wote wawili. Mbwa ni mwepesi kuliko ng'ombe. Akiachiwa anajiokoa, na mara nyingi ng'ombe humwandama yeye na kukuacha wewe.

Akikujia

1. Usimpe mgongo, usikimbie, ikiwa bado hajaanza mbio. Ng'ombe anakushinda kwa mbio, na mwenye kukimbia huamsha hamu ya kufukuza.

2. Rudi kinyumenyume au kimshazari kuelekea ulikochagua mwanzoni. Mtazame, lakini usimkazie macho fahali kama unayemtaka shari. Nenda polepole, ukipapasa kwa mguu ili usijikwae. Wengi huangushwa na shimo kabla ya pembe.

3. Akizidi kusogea, jifanye mkubwa: inua fimbo, panua koti, paza sauti nzito na kali. Piga neno moja fupi. Kelele za kulia na mayowe membamba huzidisha taharuki.

4. Akianza mbio kwa dhati na pa kujificha pako karibu, hapo ndipo mguu niponye. Tupa begi au koti kando. Kitu kinachoanguka mbele yake huweza kumpotezea sekunde mbili tatu. Zunguka mti au jabali, pita chini ya uzio, ingia mtaroni.

5. Kama hakuna pa kujificha, msubiri na uruke pembeni dakika ya mwisho, kwa kukata kona kali. Uzito wake haumruhusu kugeuka haraka kama wewe. Kila anapogeuka, sogea tena kuelekea nje.

Ukiangushwa, linda kichwa na shingo kwa mikono, jikunje, na ubingirike kuelekea kwenye uzio au nyuma ya kitu chochote kigumu. Usisimame mbele yake akiwa bado yuko juu yako. Akisogea mbali kidogo, tambaa utoke. Wenzako nao wasikimbilie ndani mmoja mmoja. Wapige kelele kutoka upande mwingine ili wamvute, kisha wakutoe.

Sasa jambo ambalo watu hulipuuza. Mtu akishakanyagwa na ng'ombe anaweza kuinuka, akajipangusa vumbi, akasema niko sawa. Kwato likishuka kifuani au tumboni huvunja mbavu, hupasua wengu au ini, na damu huvujia ndani bila jeraha la nje. Hivyo aliyekanyagwa aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anatembea mwenyewe. Maumivu ya bega la kushoto yasiyo na sababu, tumbo kuwa gumu, jasho baridi, kuhema kwa shida au kizunguzungu ni dharura. Jeraha lililochafuka kwa udongo au samadi linahitaji kuoshwa vizuri, na muuguzi aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

Farasi na punda nitawapita haraka: usikae nyuma yao, usimlishe mmoja katikati ya wengine maana watagombana juu yako. Kondoo dume huja na kichwa kwenye magoti, zaidi ukiinama. Nguruwe jike mwenye watoto, wa kufugwa au wa mwituni, mpishe. Ana meno, na haogopi.

Mbwa wa watu

Mbwa akikubwekea kando ya boma analinda kwao. Simama. Mikono iwe karibu na mwili, simama kiubavu, usimkazie macho wala usicheke ukionyesha meno. Sema "nenda" au "rudi" kwa sauti nzito. Kisha rudi nyuma taratibu mpaka utoke katika eneo analoliona lake. Mara nyingi huishia mpakani. Kuinama kana kwamba unaokota jiwe huwafukuza wengi, lakini usilirushe bila sababu. Akija kuuma, mpe begi, koti au fimbo aume hivyo. Ukianguka, jikunje, funika shingo na masikio, nyamaza.

Akikuuma, au hata akikulamba penye mkwaruzo, usiseme ni kidonda kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutokana na mbwa. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa, si kwa kukadiria. Usipake majani, mafuta wala majivu. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo upate chanjo. Kumfuatilia mbwa kama atakufa ni jambo la kufanyika ukiwa umeshaanza chanjo.

Nyuki

Nyuki mmoja au wawili wanaokugonga kichwani bila kuchoma wanakupa onyo: ondoka, uende mbali na walikotoka. Nyuki akishachoma huacha harufu inayowaita wenzake, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na kumponda nyuki huizidisha. Kwa hiyo usipige, usipunge. Vuta shati ufunike uso, acha njia ya kuona, ukimbie moja kwa moja. Hapa kukimbia ni sahihi, tena usisimame baada ya hatua hamsini. Kundi lenye hasira hufukuza mita mia kadhaa. Ingia ndani ya nyumba au gari ufunge. Usirukie majini, watakungoja uinuke.

Ukiwa salama, kwangua miiba kwa ukucha haraka, maana mfuko wa sumu huendelea kusukuma hata nyuki akiwa ameondoka. Midomo au ulimi kuvimba, koo kubana, kupumua kwa mluzi, vipele mwili mzima au kuishiwa nguvu ni dalili za mzio mkali. Mwenye sindano ya adrenalini aitumie mara moja, kisha hospitali. Mtoto, mzee, au yeyote aliyechomwa mara nyingi aende hospitali hata bila dalili hizo.

Nyoka

Hofu ya nyoka ina msingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Lakini nyoka hakufuati. Huumwa anayemkanyaga, anayetia mkono asipoona, na anayejaribu kumuua.

Kanyaga juu ya gogo kwanza, usivuke kwa kuruka. Usiku tumia tochi. Angalia jiwe kabla ya kulikalia. Ukimwona, simama kabisa, mpe nafasi, kisha rudi nyuma pole. Moma hutegemea kujificha. Hakimbii akisikia vishindo, hivyo kelele zako pekee hazitoshi kumwondoa njiani. Swila hutema sumu machoni: osha kwa maji mengi safi papo hapo, kwa muda mrefu, usifikiche.

Aliyeumwa alale atulie. Vua pete, saa na kiatu kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kama cha mfupa uliovunjika, kisichezecheze. Usichanje, usinyonye, usipake kitu, usiweke barafu, wala usikaze kamba kuzuia damu. Kamba hiyo imewagharimu watu miguu yao. Abebwe kwenda hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Picha ya nyoka kwa mbali inasaidia. Kumwinda ili mumpeleke hospitali huongeza mgonjwa wa pili.

Penye wanyama wakubwa wa mwituni

Nyati, tembo, kiboko, mamba, simba: maeneo yao si ya kutembea bila mtu anayeyajua. Kama unaishi karibu nao, shika haya. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na kurudi alfajiri, basi usisimame kati yake na maji, wala usipite njia zake saa hizo. Tembo ukimwona mapema, ondoka kwa upande ambao upepo hautampelekea harufu yako. Nyati dume aliye peke yake, rudi ulikotoka kabla hajakuona. Akija, panda mti. Simba na chui usiwape mgongo wala usikimbie. Rudi nyuma ukiwakabili, watoto wawe mikononi.

Ukishatoka salama penye mnyama mkali, wa kufugwa au wa porini, mtafute mwenye mifugo, mwenyekiti wa kijiji au askari wa wanyamapori umweleze mahali, saa na alichofanya mnyama huyo. Asubuhi watoto wa shule watapita njia hiyo hiyo.